Boksi la Spika Lenye Bomba: Hesabu Kwanza, Msumeno Baadaye

Spika tupu, ile ambayo haijafungwa kwenye boksi, hutoa besi hafifu mno hata kama sumaku yake ni kubwa. Koni inapokwenda mbele husukuma hewa iliyo mbele yake na papo hapo huvuta ile ya nyuma, na mawimbi hayo mawili huwa kinyume. Wimbi la besi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo huizunguka spika ya inchi chache bila kizuizi. La mbele na la nyuma hukutana na kufutana. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuyatenganisha.

Boksi lililozibwa kabisa hufanya kazi hiyo na kuishia hapo: sauti ya nyuma hufungiwa ndani ikafia humo. Boksi lenye bomba huitumia sauti hiyo. Hewa iliyo ndani ya boksi hubanwa na kutanuka kama springi, na hewa iliyo ndani ya bomba huwa ndiyo uzito unaotikiswa na springi hiyo. Viwili hivyo kwa pamoja vina mlio mmoja vinaoupenda, kwa kanuni ileile inayofanya chupa tupu ivume inapopulizwa mdomoni. Frikwensi ya mlio huo huandikwa Fb. Spika ikichezeshwa kwenye Fb, koni karibu husimama na bomba hutoa karibu sauti yote. Juu kidogo ya hapo, hewa ya bombani hutembea pamoja na koni na kuiongezea nguvu. Chini ya Fb mambo hugeuka: bomba na koni hupingana, sauti huporomoka haraka, na koni huachwa bila hewa ya kuizuia. Jambo hili la mwisho ndilo linaloua spika nyingi, na dawa yake itaelezwa baadaye.

Mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza uvumaji wa vyombo vya namna hii katika karne ya 19. Spika ya koni kama inavyojulikana leo ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1930, Albert Thuras wa Bell Telephone Laboratories aliomba hataza ya boksi lenye njia ya hewa, akaipata mwaka 1932. Hata hivyo, wajenzi waliendelea kwa miaka mingi kupima bomba kwa sikio na bahati. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba spika na boksi lake ni chujio moja la umeme linaloweza kukokotolewa kabla ya kukata ubao. Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney aliikamilisha kazi hiyo katika mfululizo wa makala za miaka ya 1972 na 1973. Namba walizoziweka wawili hao ndizo zinazoandikwa leo kwenye karatasi ya kila spika nzuri, na ndizo zinazomwezesha mtu mwenye kikokotoo cha simu kujenga boksi sahihi katika karakana ya seremala wa mtaani.

Boksi zuri la spika moja linaweza kuwa boksi baya la nyingine, hata kama zote ni za inchi sita na nusu na zimewekwa rafu moja dukani. Kunakili vipimo vya boksi la mtu mwingine, bila kuwa na spika ileile, ni kupoteza ubao.

Namba tatu ndizo zinazoamua. Ya kwanza ni Fs, frikwensi asilia ya spika: pale koni inapopenda kutikisika ikiwa hewani bila boksi. Ya pili ni Qts, inayoonyesha jinsi sumaku na vishikizo vya koni vinavyoituliza baada ya mdundo kwisha. Ikiwa ndogo, koni hutulia upesi, ikiwa kubwa, koni huendelea kuyumba. Ya tatu ni Vas, yaani lita za hewa ambazo ulaini wake ni sawa na ulaini wa vishikizo hivyo. Kando ya hizo kuna Sd, eneo la koni linalosukuma hewa, na Xmax, umbali ambao koni inaweza kwenda upande mmoja kabla koili haijaanza kutoka kwenye uga wa sumaku. Mbili hizi hazibadilishi ukubwa wa boksi, ila ndizo zinazoamua unene wa bomba.

Mfano utakaotumika hapa ni spika ya midbesi ya inchi sita na nusu, omu 8, yenye Fs ya Hz 45, Qts ya 0.38, Vas ya lita 25, Sd ya sentimita za mraba 135 na Xmax ya milimita 5. Ni namba za kawaida kwa spika nzuri ya ukubwa huo.

Kabla ya kitu kingine chochote iulizwe kama spika yenyewe inafaa kuwekewa bomba. Kipimo cha haraka ni kugawa Fs kwa Qes, ambayo ni sehemu ya Qts inayotokana na sumaku peke yake. Jibu likiwa chini ya 50, spika hiyo ni ya boksi lililozibwa. Likiwa karibu na 100 au zaidi, ni ya bomba. Katikati ya hapo inaweza kwenda kotekote. Spika ya mfano ina Qes ya 0.42, na 45 kwa 0.42 ni 107. Spika nyingi za milango ya magari hushindwa mtihani huu. Zimetengenezwa zicheze zikiwa na nafasi kubwa ya hewa nyuma yake, na Qts zake mara nyingi ni kubwa. Kama spika ya mfano ingekuwa na Qts ya 0.7, kanuni itakayofuata ingedai boksi la lita 135. Spika ya namna hiyo isilazimishwe.

Spika zinazouzwa bila karatasi, nazo ni nyingi Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, hazina budi kupimwa. Kazi hii huwatisha watu bure. Vinavyohitajika ni amplifaya, programu ya simu inayotoa mlio wa frikwensi yoyote, rezista ya omu 1,000, rezista nyingine ya omu 10, na mita yenye uwezo wa kusoma milivolti za AC. Mita ambayo kipimo chake kidogo kabisa cha AC ni volti 200 haifai, kwa sababu haiwezi kuonyesha tofauti ndogo zinazotafutwa hapa.

Spika mpya kwanza ichezeshwe besi kwa saa kadhaa ili vishikizo vyake vilegee. Kisha itolewe waya zote na ukinzani wake wa DC upimwe moja kwa moja kwa mita. Huo huitwa Re, na kwa spika ya omu 8 huwa karibu na 5.6. Baada ya hapo rezista ya omu 1,000 huungwa kwa mfululizo na rezista ya omu 10 kwenye amplifaya, na sauti huongezwa mpaka mita isome volti 0.100 kwenye ile ya omu 10. Kuanzia hapo kitasa cha sauti hakiguswi tena. Spika inawekwa mahali pa rezista ya omu 10, na kila milivolti inayosomwa juu yake ni sehemu ya kumi ya omu. Spika iwe imening'inia au imeshikiliwa wima mezani, mbali na ukuta, bila kitu kinachoziba nyuma yake.

Mlio unapopandishwa polepole kutoka Hz 15, usomaji hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Frikwensi ya kilele ndiyo Fs. Kwenye spika ya mfano mita ingesoma volti 0.590 kwenye Hz 45, yaani omu 59. Kilele hicho kikigawanywa kwa Re hupatikana 10.5, uwiano unaoitwa r. Sasa kipeuo cha pili cha 59 mara 5.6 ni karibu 18.2, na frikwensi mbili zenye usomaji huo wa omu 18.2, moja kila upande wa kilele, hutafutwa: hapa ni Hz 30.3 na Hz 66.8. Tofauti yake ni 36.5. Fs ikizidishwa kwa kipeuo cha pili cha r, kisha ikagawanywa kwa tofauti hiyo, hutoa 4.0, ambayo ni Qms, yaani sehemu ya Qts inayotokana na vishikizo vya koni. Qms ikigawanywa kwa r hutoa Qts: 0.38. Ikigawanywa kwa r iliyopunguzwa moja hutoa Qes: 0.42. Namba mbili zimekwisha kupatikana.

Kwa Vas, spika hufungwa kwenye boksi lolote la majaribio lililozibwa vizuri ambalo lita zake zinajulikana, na kilele kitafutwe tena. Hewa iliyofungiwa hukipandisha. Kwenye boksi la lita 15 spika ya mfano ingepanda hadi Hz 73.5. Hiyo ikigawanywa kwa 45 ni 1.633, kipeo chake cha pili ni 2.667, ikipunguzwa moja na kuzidishwa kwa lita 15, jibu ni lita 25. Njia hii ina makosa ya asilimia chache, na boksi la bomba huyavumilia.

Hesabu ya boksi lenyewe ni fupi kuliko vipimo vilivyoitangulia. Kanuni tatu za makadirio, zilizofupishwa kutoka kazi ya Thiele na Small, hutoa mwitiko ulio sawa bila kilima cha besi. Ukubwa wa boksi kwa lita ni 15 mara Vas mara Qts iliyopandishwa kipeo cha 2.87. Frikwensi ya bomba, Fb, ni 0.42 mara Fs, ikigawanywa kwa Qts yenye kipeo cha 0.9. Na frikwensi ambayo sauti imekwisha kushuka desibeli 3, inayoitwa F3, ni 0.26 mara Fs, ikigawanywa kwa Qts yenye kipeo cha 1.4. Kwa spika ya mfano majibu ni lita 23, Hz 45 na Hz 45. Programu za bure za kompyuta kama WinISD hufanya hesabu hizo na kuchora mchoro wake, na ni busara kuzitumia. Lakini asiyejua kanuni hatagundua namba iliyoingizwa vibaya.

Faida ya bomba huonekana mara moja matokeo hayo yakilinganishwa na boksi lililozibwa. Spika hiyohiyo, katika boksi lililozibwa la mwitiko sawa, ingehitaji lita 10 tu, lakini besi yake ingeanza kushuka kwenye Hz 84. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi hulia kwenye Hz 41, na unaofuata kwenye Hz 55. Kwa anayesikiliza rumba ya Kongo au dansi la Tanzania, ambako gitaa la besi hutembea wimbo mzima, tofauti kati ya Hz 84 na Hz 45 ni tofauti kati ya kukisia noti na kuisikia.

Bomba ndipo penye mvutano. Bomba jembamba huwa fupi na huingia kwa urahisi, lakini hewa hupita humo kwa kasi hadi ikatoa mlio wa kupuliza kila besi inapopiga. Bomba nene halina kelele ila huwa refu mno. Urefu wake kwa sentimita hupatikana hivi: kipenyo cha ndani kipeo cha pili, mara 23,562, gawanya kwa Fb kipeo cha pili mara lita za boksi, kisha toa 0.73 mara kipenyo, kwa sababu hewa iliyo nje kidogo ya ncha za bomba nayo hutembea na kulirefusha. Kwa lita 23 na Hz 45, bomba la sentimita 5 litakuwa na urefu wa sentimita 9, la sentimita 7 karibu sentimita 20, na la sentimita 10 zaidi ya sentimita 43, urefu usioingia ndani ya boksi hili bila kupindwa.

Kipenyo cha chini kabisa hutokana na hewa ambayo koni inaweza kusukuma. Sd ya 135 mara nusu sentimita ya Xmax ni sentimita za ujazo 67.5, na kwa Fb ya Hz 45 kanuni ya makadirio inadai bomba lisilopungua sentimita 6.4. La sentimita 5 linalopatikana katika kila duka la mabomba ya maji limekwisha kukataliwa hapo. La sentimita 7 linatosha. Bomba la plastiki la majitaka linafaa kabisa, mradi kipenyo kipimwe ndani kwa rula, kwa sababu namba iliyochapwa juu yake mara nyingi ni ya nje. Mdomo wake ukipigwa msasa hadi ukawa mviringo, kelele ya hewa hupungua sana; hakuna kazi ndogo yenye malipo makubwa kama hiyo katika boksi zima.

Lita 23 ni hewa tupu. Bomba, sumaku ya spika na vibao vya kuimarisha hula nafasi, kwa hiyo boksi la ndani huongezwa. Hapa bomba linachukua lita 0.8, spika karibu 0.7 na vibao lita moja. Boksi lenye upana wa ndani wa sentimita 20, kina cha 27 na urefu wa 48 lina lita 25.9, na baada ya kutoa hivyo vyote hubaki 23.4. Pande tatu zikiwa tofauti, mawimbi yanayogonga kuta na kurudi hutawanyika kwenye frikwensi tofauti: katika boksi hili ni takriban Hz 358, 637 na 860. Boksi la mraba kila upande, ambalo ni rahisi kukata, huyarundika yote mahali pamoja, na midbesi, inayocheza sauti za waimbaji pamoja na besi, huufichua upungufu huo kuliko sabufa.

Bomba lipite mbele au nyuma? Kwa sabufa haina uzito. Kwa midbesi nyuma ni bora. Bomba la sentimita 20 lina mlio wake wenyewe, kama filimbi, karibu na Hz 700, na hupitisha nje kelele za katikati zilizokuwa zizunguke ndani ya boksi. Likitazama ukuta wa nyuma, msikilizaji hazisikii sana. Gharama yake ni kwamba boksi lazima lisimame mbali na ukuta angalau sentimita 15. Ncha ya ndani ya bomba nayo inahitaji nafasi: ibaki angalau kipenyo kimoja cha bomba kutoka ubao ulio mbele yake, na isitazame nyuma ya spika moja kwa moja. Kwa kuwa karibu sentimita 2 za bomba hukaa ndani ya unene wa ubao wa nyuma, kina cha sentimita 27 kinaacha sentimita 9.

Ubao wa MDF wa milimita 18 ndio unaopendwa kwa kuwa ni mzito na hauna mishipa. Kwa boksi moja hukatwa vipande viwili vya sentimita 27 kwa 51.6 vya ubavuni, viwili vya 20 kwa 27 vya juu na chini, na viwili vya 23.6 kwa 51.6 vya mbele na nyuma. Karatasi moja ya futi nne kwa nane hutosha maboksi mawili na masalio hubaki ya vibao vya ndani. Vipande vikatwe kwa mashine ya meza ya seremala. Msumeno wa mkono huacha ukingo usionyooka, na ukingo usionyooka huvuja. Anayekata avae barakoa, kwani vumbi la MDF ni laini sana na huingia ndani kabisa ya mapafu. Mombasa, Tanga, Zanzibar na kwingineko pwani kuna tatizo jingine: unyevu. MDF hunywa maji kwenye kingo zake na kuvimba. Kingo zipakwe gundi ya mbao iliyozimuliwa kabla ya rangi, au itumike plaiwudi nzuri isiyo na mapengo katikati ya tabaka, ambayo ni ghali lakini huishi zaidi.

Gundi ya mbao ndiyo inayoshika boksi; skrubu hubana tu mpaka gundi ikauke. Kibao kimoja cha kuunganisha ubavu na ubavu, kidogo nje ya katikati, huzuia mbao zisivume. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi na mkavu ndio unaotakiwa. Tundu la spika likatwe juu ya katikati ya ubao wa mbele, na ukingo wake wa ndani ukwanguliwe kwa mshazari ili hewa ya nyuma ya koni ipumue, hasa kwa spika yenye fremu nene. Kati ya fremu na ubao iwekwe tepu ya sponji. Viungo vyote vya ndani vipitishiwe silikoni na kuachwa vikauke kabisa, siku moja au mbili, kabla spika haijafungwa, maana mvuke wa aina fulani za silikoni hudhuru mpira wa koni na metali za koili.

Ndani, kuta zifunikwe kwa pamba ya polista au sponji laini ya unene wa sentimita 2 hadi 3. Inatosha. Boksi lililozibwa hunufaika likijazwa. La bomba huharibika, kwa sababu pamba nyingi huizuia hewa ambayo bomba linaitegemea. Eneo la kuzunguka ncha ya bomba liachwe wazi kabisa.

Bomba likatwe refu kwa makusudi, sentimita 22, na lisigundishwe bado. Kifaa kilekile kilichopima Fs sasa hupima boksi. Badala ya kilele kimoja huonekana viwili, na kati yake bonde. Katika boksi la mfano vilele huwa karibu na Hz 27 na Hz 74, na sehemu ya chini kabisa ya bonde ndiyo Fb halisi. Kwa bomba la sentimita 22 bonde litakuwa kwenye Hz 43. Kila sentimita inayokatwa hulipandisha karibu hezi moja, na kwa sentimita 20 hivi litafika 45. Asiye na mita ya kutosha anaweza kutazama: mlio ukishushwa polepole kwa sauti ya wastani, ipo frikwensi ambayo koni karibu hugoma kutembea huku karatasi nyepesi iliyoshikwa mbele ya bomba ikipepea kwa nguvu. Hapo ndipo Fb ilipo.

Bonde lina habari nyingine. Likishuka mpaka karibu na Re, omu 6 au 7 kwa spika hii, boksi halivuji. Likibaki juu, au vilele vikiwa vifupi, kuna mahali hewa inatoroka: kona isiyojaa gundi, tundu la waya, au skrubu isiyokaza.

Spika iliyo katika boksi lake sahihi bado inahitaji ulinzi. Chini ya Fb sauti hushuka desibeli 24 kwa kila frikwensi inapopungua nusu, mara mbili ya boksi lililozibwa, lakini koni hutembea zaidi na zaidi. Mlio wa Hz 20 usiosikika unaweza kuitupa nje ya Xmax na kuichana. Amplifaya yenye kichujio cha kukata besi ya chini iwekwe karibu Hz 35. Isiyonacho isizungushwe kitasa cha besi hadi mwisho. Kwa upande wa juu, koni ya kipenyo hiki huanza kurusha sauti mbele tu kama tochi karibu na Hz 2,600, kwa hiyo twita ipokee kazi kati ya Hz 2,000 na 2,500 kupitia krosova. Twita iliyofungwa kwenye ubao huohuo iwekewe kikasha chake kidogo nyuma, au iwe ya aina iliyozibwa nyuma, isije ikapigwa na shinikizo la midbesi.

Boksi la pili lipimwe peke yake, kwa sababu spika mbili za kiwanda kimoja hazilingani kabisa na mikono ya seremala hairudii kazi kwa usahihi wa mashine. Tofauti ya hezi moja au mbili kati ya bonde la boksi la kulia na la kushoto haisikiki. Ikizidi hapo, itafutwe kwanza kona inayovuja kabla ya kuligusa bomba.